Baba alipata shambulio la moyo, daktari asema atembee, mama hataki

mtoto_wa_langoni:
Assalam aleykum. Babangu ana miaka 61, mwaka jana alipata shambulio la moyo, alhamdulillah akapona. Sasa daktari amemwambia atembee kila siku lakini mamangu hataki hata kusikia, asema moyo ulioumia ukikimbizwa utaruka mpaka usimame, na kweli mzee saa zingine ahisi mapigo yaruka. Naogopa kumtoa, naogopa kumwacha barazani kutwa nzima.

nesi_pwani:
Waaleykum salaam. Mamako ana haki kuogopa, moyo usiozoea ukiushtua ghafla, mfano abebe gunia la saruji, hatari ipo. Lakini mazoezi ya polepole kila siku ni mambo mengine kabisa. Moyo una neva za kuuchochea na neva ya kuutuliza, hiyo yaitwa vegasi, ndio breki. Baada ya shambulio breki yalegea, halafu kwenye kovu linalobaki moyoni umeme waweza kuzunguka ovyo, vyumba vya chini vikatetemeka tu bila kusukuma damu, hapo mtu ana dakika chache sana. Mazoezi yakaza ile breki. Watafiti kina Billman kule Marekani, 1984 waliandika kuhusu mbwa wenye kovu kama hilo ambao mioyo yao ilikuwa ikivurugika upesi, wakawakimbiza kwa tredimili, ile mashine ya kukimbilia, wiki 6, walipopimwa tena mapigo yakatulia.
Ila hayo ya kuruka mwambie daktari kwanza, apimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kabla hamjaanza.

baharia_malindi:
Mimi yalinipata hayo hayo, huu mwaka wa nne. Nilianza dakika 10 tu, saa hii ni nusu saa siku 5 kwa wiki, ndio zile dakika 150 kwa wiki wanazoshauri WHO, Shirika la Afya Duniani. Akimaliza kutembea hesabu mapigo, ngoja dakika moja hesabu tena, yakishuka vizuri breki yafanya kazi, yakikwama mjulishe daktari. Na akihisi kizunguzungu ama kifua kubana asimame hapo hapo muende hosi, asivumilie.

mtoto_wa_langoni:
Shukran sana wallahi. Kutembea kutoka hapa Lamu mjini mpaka Shela ataweza?

nesi_pwani:
Shela ni mbali kwa kuanzia, kama kilomita 3, na maji yakijaa njia yakatika. Tembeeni hapo mbele ya forodha, asubuhi kabla ya jua.

mtoto_wa_langoni:
ECG ni Alhamisi inshallah. Nimemsomea mama yote haya, asema basi na yeye atakuja, atembee naye ubavuni.