Diwani katusomea vikao vya halmashauri vinavyokuja, sasa mwananchi aanzie wapi ili asikike?

Mkazi_wa_bondeni
Wakuu habari za jioni. Jumamosi diwani wetu aliitisha mkutano pale ofisi ya mtaa na kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku sikusikia tumefanya hiki tumefanya kile, alikuja na daftari akasoma mambo yanayokuja. Anasema kamati za halmashauri zinaanza kukaa wiki ijayo halafu ndo linafuata baraza, na humo ndani kuna rasimu ya bajeti ya mwaka ujao wa fedha, kuna marekebisho ya sheria ndogo ya taka, na kuna taarifa ya vikundi vilivyoomba ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, sikubeba karatasi, nikayaandika yote nyuma ya risiti ya umeme.

Mimi shida yangu ni mtaro. Barabara yetu kalavati limeziba na upande mmoja limeshavunjika, mvua ikinyesha maji yanarudi kwenye nyumba, msimu uliopita yalifika ngazi ya pili nikalala nimekaa na mtoto mgongoni huku naangalia kama yatafika ya tatu. Kila ofisi ninayokwenda naambiwa sio hapa. Sasa nimesikia bajeti inajadiliwa nikasema labda hii ndo nafasi, ila sijui kitu. Je naruhusiwa kuingia ukumbini siku ya baraza nikaongea? Na nikimpelekea diwani sasa hivi nimewahi au ndo nimeshachelewa? Naomba anayejua taratibu anisaidie kwa lugha nyepesi.

mtendaji_mstaafu
Ndugu yangu pole sana kwa hayo maji. Nimekaa kwenye utendaji wa kata miaka mingi kwa hiyo ngoja nikueleze inavyokwenda.

Kuingia unaruhusiwa, mikutano ya baraza ni ya wazi, wananchi na waandishi wanakaa nyuma wanasikiliza, isipokuwa pale baraza likiamua kujigeuza kamati kwa jambo fulani hapo mnaombwa mtoke. Ila kuongea hapana, pale anaongea mjumbe na wataalamu wakiulizwa. Kwa hiyo ukisubiri siku ile uje na mtaro wako utarudi nao nyumbani.

Watu wengi wanaliangalia baraza kwa sababu ndo lina meya na joho na kamera, lakini baraza la kawaida linakaa kila baada ya miezi mitatu na linapokea vitu vilivyokwisha kupikwa kwenye kamati. Kwa mambo ya barabara, mitaro na viwanja angalia kamati ya mipango miji na mazingira, kwa hela angalia fedha na uongozi. Na kabla ya hizo zote kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake ni huyo huyo diwani wako, katibu ni mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Hapo ndo mlango wako. Jambo likishaingia kwenye muhtasari wa kata diwani anasimama kwenye kamati na karatasi mkononi, lisipoingia anasimama na maneno tu na wataalamu watamwambia mheshimiwa hilo halipo kwenye vipaumbele vya kata yako.

Kingine, barabara za mitaa tangu 2017 zipo chini ya TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini, sio idara ya ujenzi ya halmashauri kama zamani. Meneja wake yupo chini ya TAMISEMI, ile ofisi ya serikali kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, diwani hawezi kumwamrisha na hata mkurugenzi hawezi. Lakini mpango wa barabara zitakazotengenezwa unaletwa kwa madiwani na pale ndo wanabishana ipi itangulie. Kwa hiyo usiandike tunaomba kalavati basi, andika jina la barabara, linapoanzia bonde, kalavati limevunjika upande upi, maji yanaingia nyumba ngapi. Injinia akisoma anajua aende wapi.

Kuhusu kuwahi au kuchelewa, halmashauri zinapitisha makadirio yao mwanzoni mwa mwaka, yanapanda mkoani, yanakwenda TAMISEMI, Bunge la bajeti linaanza Aprili na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Watu wanaanza kuulizia bajeti Juni wakiisikia kwenye redio, wakati huo jambo lako kama halimo halimo. Wewe kama rasimu ndo inaingia kamati wiki ijayo una siku chache lakini unazo, usilale.

Mama_Kikundi
Yani umenigusa maana sisi tulipigwa na hili hili la kuchelewa. Kikundi chetu cha ushonaji tupo kumi, tulisikia habari ya mikopo wakati majina yameshapita kamatini, diwani wetu wa wakati ule alikuja kutuambia baada ya baraza kwamba fulani na fulani wamepata. Tukabaki tunaangaliana. Katiba ya kikundi ipo, akaunti ipo, cheti kipo, taarifa tu ndo hatukuwa nayo.

Wenzangu mnaosoma hii mjue kwamba hiyo hela sio hisani ya mtu, sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 ikaja kurudi 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo mwenye fomu za zamani asijidanganye kwamba bado yupo kwenye foleni, aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata aulize upya. Huyo diwani wenu aliyesoma kabla ya kikao mimi namheshimu bila kumjua.

kijana_wa_stendi
Mi sikubaliani sana na kumpamba. Kusoma ajenda ni jambo la dakika kumi, swali langu alitaja namba? Kata yenu imetengewa nini kwenye hiyo rasimu? Diwani analetewa kabrasha kabla ya kikao, limejaa majedwali, kata kwa kata, mradi kwa mradi. Kama alisoma vichwa vya habari tu akafunga daftari basi mmejua kuna kikao lakini hamjajua kuna nini ndani. Mwombe awaonyeshe ukurasa wa kata yenu, hata mpige picha.

Mh_wa_kata_jirani
Nimeona nichangie kwa sababu na mimi ni diwani, sio wa hapo kwenu.

Kijana hapo juu hoja yako ni ya kweli na inaniuma kwa sababu mimi mwenyewe kipindi changu cha kwanza nilikuwa sisemi kitu kabla ya kikao. Sababu ilikuwa woga. Ukimwambia mtu rasimu ina zahanati anasikia zahanati ipo, halafu ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu tunachoruhusiwa kupanga, unashuka, zahanati inatoka, unaonekana muongo mtaa mzima. Nikawa naona bora ninyamaze nije na kilichopita. Lakini nikaja kugundua nikinyamaza naingia kamatini peke yangu, naulizwa wananchi wako wanasemaje sina cha kujibu. Sasa hivi nasoma na namba, na kila namba natamka hii ni rasimu, inaweza kukatwa, na nikirudi nasema imekatwa wapi na kwa nini.

Dada (au kaka) wa bondeni, nakuomba sana mpe diwani wako barua na picha za maji. Mimi nilishawahi kuweka mezani picha moja ya mlango wenye alama ya matope, mjadala ulibadilika pale pale.

Na hiyo sheria ndogo ya taka msiiache ipite kimya. Rasimu lazima itangazwe na wananchi wapewe muda wa kutoa maoni kabla haijapitishwa na kwenda kwa waziri, ikishatoka kwenye Gazeti la Serikali mtabaki kulipa. Nendeni kwenye mbao za matangazo za mtaa na kata.

Mkazi_wa_bondeni
Ni dada. Nawashukuru sana wote, mzee mtendaji Mungu akuweke.

Nimefanya hivi. Jana jioni nimezunguka nyumba za bondeni nimepata sahihi 23, nyumba zilizoingia maji nimehesabu ni 14, na mzee mmoja akanionyesha ukutani kwake alama ya maji ya misimu mitatu amechora na mkaa, nimeipiga picha. Barua nimeandika kama mlivyosema, barabara, upande wa kalavati, yote. Mwenyekiti wa mtaa kasema kikao cha kata ni keshokutwa na atalibeba. Diwani nilimpigia akapokea, nilimuuliza ukurasa wa kata yetu kwenye kabrasha akasema nipite kesho asubuhi ofisini kwake tuangalie wote. Kuna kingine nilichosahau?

mtendaji_mstaafu
Toa nakala mbili. Moja unampa mtendaji wa kata, nyingine anaigonga mhuri wa kupokelewa na tarehe unaondoka nayo wewe. Na majina ya hizo nyumba 14 yaambatanishe nyuma, usiyaache kwenye simu.

Mkazi_wa_bondeni
Sawa baba, kesho saa mbili nipo mlangoni kwake.