Nimewalisha ndege msimu huu wa baridi, sasa naokota mizoga. Niache au niendelee?

Binti Mapambazuko

Wakuu, habari za humu. Kwa muda mrefu nimekuwa nasoma tu bila kuchangia, leo nimefungua uzi kwa sababu nimekwama.

Nyumba ninayokaa imepakana na mashamba. Zamani sikuwa na habari na ndege, ila baridi ilipoanza kukaza nikawa natoka asubuhi na darubini ya kuazima, nafuata njia ya pembeni ya shamba, natazama. Kuna shamba moja walivuna ngano wakayaacha mabua yamesimama. Ukilitazama juu juu ni uwanja mtupu wa rangi ya mkeka mkuukuu. Piga hatua mbili ndani uone: ndege hamsini wananyanyuka kutoka pale pale ulipoapa kwamba hakuna kitu.

Huruma ikanishika, maana theluji ilipofunika yale mabua niliwaona wanarandaranda kwenye ua wa miiba wamejikunyata. Nikatundika chombo cha bomba chenye alizeti, na chini yake nikaweka sinia la mbao lenye mchanganyiko wa uwele na ngano. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Ya pili wakaja shomoro wawili. Sasa hivi ni soko.

Shida ilianza juzi. Kuna hawa chiriku wa kijani, wanene, wenye mdomo mkubwa. Wenzake wote waliporuka, mmoja akabaki kwenye sinia amejivimbisha kama donge la pamba, macho nusu yamefumba. Punje ilikuwa imemganda mdomoni, anaitafuna, anaitafuna, haiendi. Manyoya ya kidevuni yameloa. Nilimsogelea mpaka mkono ungemfikia ndipo akaruka, tena chini chini, akaishia kwenye ua. Kesho yake nikamkuta amekufa. Leo asubuhi mwingine.

Ni baridi au ni ugonjwa? Na nikiacha kuwalisha, si nitakuwa nimewaua kwa njaa baada ya kuwazoesha?

Nje ya mada kidogo: kwenye shamba lililolimwa naona ndege mkubwa kuliko njiwa, mgongo mweusi unaong'aa kijani, tumbo jeupe, na kishungi chembamba kisogoni kama unywele uliokataa kuchanwa. Akiruka mabawa yake mapana yanapepea kama kitambaa. Nani huyo?

Nawasilisha.

Punje Tatu

Pole sana dada. Mimi huwa nawamwagia mkate tu na sijaokota hata mzoga mmoja. Labda alizeti yako imeoza.

Tabibu wa Kuku

Dada, shusha hivyo vyombo sasa hivi kisha urudi usome yaliyobaki. Sitanii.

Umerudi? Haya. Ulivyoeleza, mdomo wenye ute, kutafuna bila kumeza, kujivimbisha, kutoogopa mtu, hizo ni dalili za ugonjwa wa koo unaoletwa na kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae. Hukaa kooni, koo linavimba na kuziba, ndege anakufa njaa akiwa amesimama juu ya chakula. Kwa hiyo anavyong'ang'ania sinia ndivyo anavyozidi kuwaambukiza wenzake: anaokota punje, inamshinda, anaitema ikiwa imeloa mate, mwenzake anaiokota. Maji ya kunywa nayo hubeba. Kuthibitisha ni kazi ya maabara, lakini hatua za kuchukua hazisubiri maabara.

Huu ugonjwa ni wa zamani kwa njiwa. Kwa chiriku ulianza kuonekana Uingereza mwaka 2005, mwaka uliofuata ukawa janga. Chiriku wa kijani wa huko walikadiriwa kuwa milioni 4.3 kabla ya janga, na kufikia 2009 wakabaki kama milioni 2.8. Mwaka 2021 wakaingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Nakutajia hayo ili ujue hili si jambo la kusema "nitaona kesho".

Fanya hivi. Mwaga chakula chote kilichobaki, na chini pia zoa, usiache hata maganda. Bakuli la maji kama lipo, limwage. Osha vyombo kwa maji ya moto na sabuni, sugua na brashi kwenye pembe, kisha loweka katika dawa ya klorini, sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Suuza vizuri, halafu uanike mpaka vikauke kabisa. Hapo kwenye kukauka ndipo watu wanapokosea. Kimelea hiki hakistahimili ukavu, kwa hiyo chombo kikavu ni dawa kuliko hiyo klorini. Kaa bila kulisha si chini ya wiki mbili, na ukiendelea kuona mgonjwa ongeza mpaka nne.

Mzoga usiushike kwa mkono mtupu. Kimelea hiki hakijulikani kumdhuru binadamu, lakini ndege wagonjwa huweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, na hiyo inatupata sisi pia. Valia glavu, oshea vyombo nje, si kwenye sinki unalooshea sahani. Na ukikuta bata, mabata bukini au membe kadhaa wamekufa pamoja mashambani, usiwaguse kabisa, toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo, maana hapo tunaanza kufikiria mafua ya ndege.

Lile sinia la mbao, mimi ningelichoma. Mbao hunywa mate na kinyesi, na ndege wanasimama humo humo wanamolia.

Kipanga Mchovu

Punje Tatu, hujaokota mzoga kwa sababu paka wa jirani anakutangulia 😂

Punje Tatu

😂😂 Haya nimekoma. Lakini mkate una kosa gani?

Tabibu wa Kuku

Hauna sumu, una uvivu. Unajaza tumbo bila kulipa chochote. Ndege wa gramu 20 katika usiku mmoja wa baridi kali anaweza kupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa kuchoma mafuta tu ili asigande. Anaamka ana saa chache za mwanga kulipa lile deni. Ukimpa mkate umempa maji na hewa. Mpe alizeti nyeusi, uwele, shayiri iliyovunjwavunjwa, au mafuta ya mnyama yaliyoganda yasiyo na chumvi. Karanga pia ni nzuri, mbichi, bila chumvi, ila zile zilizochaguliwa kuwa hazina sumukuvu. Watu wanachukua karanga zenye ukungu walizozikataa wenyewe wanasema "za ndege". Sumukuvu haijui nani ni ndege.

Na mafuta yakija kwenye kile kifuko cha wavu, kivue. Kucha hunasa.

Binti Mapambazuko

Nimeshusha vyote, sinia limeingia jikoni kwa moto. Asante Tabibu. Lakini nisiwafiche, moyo unaniuma. Asubuhi hii wamejipanga juu ya waya kumi na kitu wananitazama dirishani. Nje kila kitu cheupe. Si wananisubiri mimi?

Mzee wa Darubini

Mwanangu, wanakusubiri ndiyo, kama wanavyosubiri sehemu nyingine nne usizozijua. Ndege wa porini hana mkataba na mtu. Wisconsin kule Marekani watafiti waliwafuata ndege wadogo waitwao chickadee, waliokuwa wamelishwa sehemu moja kwa miaka 25. Wakaondoa chakula, wakalinganisha na wenzao ambao hawajawahi kulishwa. Majira ya baridi yalipoisha, waliosalimika hawakuwa wachache kuliko wenzao. Utafiti huo ulichapishwa 1992. Hao hao watafiti walishaonyesha kwamba chakula cha watu kinaokoa hasa miezi ya baridi ya kupindukia. Kwa hiyo unachofanya kina maana, lakini wiki mbili hizi hazitawaua. Sinia chafu litawaua.

Huyo wa kishungi jina lake la kisayansi ni Vanellus vanellus. Yeye hana shida na alizeti yako, anakula minyoo na wadudu wa ardhini. Ndiyo maana unamkuta kwenye shamba lililolimwa au malisho mafupi, anakimbia hatua tano, anasimama, anainama. Ardhi ikiganda hachomoi kitu, na kundi zima linaweza kuhama usiku mmoja kufuata udongo laini. Ukiamka shamba limekuwa tupu usidhani wamekufa.

Nikuombe jambo moja. Umesema ukipiga hatua mbili ndani ya mabua wananyanyuka hamsini. Usipige hizo hatua. Kila wanaporuka wanatumia yale mafuta anayoyasema Tabibu, na wakirudi kushuka wanaanza upya kutafuta. Simama kwenye ua, jua likiwa mgongoni mwako, tulia dakika kumi. Utaona mabua yanaanza kutembea. Hao ni vipozamataza, rangi yao na udongo ni moja, wanatambaa wameinama. Nenda saa moja baada ya mapambazuko au saa moja kabla ya jua kuzama. Saa hiyo ya jioni ukiwa na bahati utamwona babewana, aina ya bundi, anapita chini chini juu ya majani marefu ya mpakani, kimya kama karatasi.

Mkulima Asiyelala

Mimi nalima, acha niseme ya upande wa pili wa ua.

Hilo shamba la mabua unalolipenda ni ajali ya kalenda. Mwenye shamba atapanda baada ya baridi kwisha, ndiyo maana hajaligusa. Wengi siku hizi tunapanda ngano kabla ya baridi, mara tu baada ya kuvuna. Tunapata mavuno makubwa zaidi, sikatai, ila mabua yanalimwa siku chache baada ya mashine kutoka, na zile punje zilizodondoka zinafukiwa. Shamba linakaa kijani kibichi majira yote ya baridi, zuri kwa picha, na halina kitu cha kula kwa ndege wa punje. Ulaya ya magharibi hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya ndege wa mashambani kupungua. Chombo chako cha bomba kinalisha wanaothubutu kuja uani. Vipozamataza hawatakuja kuning'inia kwenye bomba hata siku moja.

Kwa hiyo mfuate mwenye shamba. Usiende na lawama, nenda na daftari lako la ndege. Sisi wakulima tunapenda kuambiwa tuna kitu jirani hana. Muulize kama ataweza kuacha hata kona moja ya mabua bila kulima wala kupulizia dawa mpaka mwisho kabisa wa baridi, maana hapo ndipo punje zinapokuwa zimekwisha na wadudu bado hawajatoka. England wakulima hulipwa na serikali kumwaga nafaka mashambani kuanzia Desemba hadi mwisho wa Aprili, kwa sababu hiyo hiyo. Muulize pia lini anapunguza ua. Ukikatwa mapema, matunda yote yanaanguka na wale ndege wala matunda (jamii ya Turdus) wanaotoka Skandinavia wanakuta matawi matupu.

Na tafadhali, mbwa mfungeni kamba, na ile "nyasi" fupi katikati si nyasi, ni ngano yangu.

Kipanga Mchovu

Mkulima ana kidonda na hiyo ngano 😂

Nyongeza: utakapotundika tena, weka mbali kidogo na kichaka, kama mita mbili, paka asijifiche mguuni mwao. Na dirisha: chombo kiwe karibu kabisa, chini ya mita moja, ili ndege akishtuka asipate kasi ya kujivunja shingo, au kiwe mbali kabisa. Nilizika wawili kabla sijajifunza.

Binti Mapambazuko

Wakuu nimerudi, wiki ya tatu hii.

Sijaona mgonjwa mwingine tangu siku ya tano. Juzi nimetundika bomba moja tu, nusu, kiasi cha kuisha siku hiyo hiyo. Nimepata la pili ili moja likining'inia lingine linakauka, na kila Jumamosi yanabadilishana. Walichukua siku mbili kurudi. Chiriku wa kijani amekuja mmoja, mzima, mkali, anawafukuza shomoro.

Mwenye shamba nilimfuata. Mwanzoni alinitazama kama nimekuja kuuza kitu. Nilipomwonyesha daftari akaniuliza, "Hawa wote kwangu?" Ameniahidi kona ya chini, ile inayotuama maji, kwa sababu hata trekta haipendi kwenda huko. Ua alikuwa ameshakata. Nimechelewa.

Leo nimesimama pale alipopasema Mzee, jua mgongoni. Vidole viliniganda lakini kweli, mabua yalitembea. Nimehesabu vipozamataza mpaka 43, kipanga akapita juu ya ua kama jiwe lililorushwa, wote wakaruka, wakachanganyika, wakashuka upande wa pili. Nikaanza tena nikapata 38. Sasa niandike ngapi?

Mzee wa Darubini

Andika 43, ndio uliowaona wametulia. Na kipanga mwandike, naye alikuja kula.