Nina gari la kuunga mwenyewe la miaka ya 80, nataka liwe la barabarani na la mbio. Injini ya Altezza itaingia?

Chalii_wa_Njiro

Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Mwaka jana mzee mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Usa River aliuza vitu vyake ahamie kwa watoto. Kwenye banda la kuku kulikuwa na kigari kimefunikwa turubai: viti viwili, hakina paa wala milango, pua ndefu, tairi za mbele zimetoka nje kama za trekta. Ni yale magari ya Uingereza yaliyokuwa yanauzwa vipande vipande, yanakuja kwenye kreti halafu mwenyewe unaunga nyumbani. Umbo ni la Lotus Seven ingawa si Lotus. Kadi ipo, nimeshahamisha jina.

Injini ni Ford 1600 ile ya crossflow, kabureta moja ya Weber, gia 4. Ekseli ya nyuma ya Escort, diski mbele, dramu nyuma, servo ya kusaidia mguu kwenye breki hakuna. Chesisi ni ya mabomba membamba ya mraba. Nimelipima kwenye mizani ya mahindi: kilo 590 bila mimi.

Linawaka na linatembea. Ila linakohoa nikipanda, linatoa moshi mweusi, na juzi Tengeru tuta lilipiga chini nikasikia hadi kwenye meno.

Ninachotaka ni Jumapili niende nalo Moshi na kurudi, na mara moja moja nilikimbize kwenye lami iliyofungwa. Nina milioni 6. Dalali wa Unga Limited ananiambia injini ya Altezza na gia boksi yake ya gia 6 ataniletea kwa milioni 4 na nusu. Inayobaki ni rangi na rimu. Naombeni mwongozo kabla sijatoa advansi.

Bwana_Spoku

Uzi bila picha ni tangazo la kifo. Weka picha.

DogoSakina

Weka Altezza mkuu, unasubiri nini. Kilo 590 na 3S-GE, hiyo injini ya Altezza, si utakuwa unapaa. Sisi tutakusindikiza kwa bodaboda.

Mangi_Spana

Kijana, usitoe advansi. Mimi gereji yangu iko Pasua, na Escort nimezifungua tangu zikiwa ndiyo gari la mwalimu mkuu. Soma taratibu.

Altezza ya gia za mkono ina nguvu za farasi 210 na uzito wa kilo 1,340 hivi. Gawanya: farasi 157 kwa kila tani. Hako kako kana farasi 84 za kitabuni kwa kilo 590. Gawanya: 142. Yaani kigari cha banda la kuku kinaikaribia Altezza, na hujanunua hata nati. Halafu 3S-GE ni bloku la chuma, ndefu, na gia boksi yake ni nene. Handaki la katikati ya miguu yako na ya abiria itabidi lipasuliwe, difu ya Escort itakula meno, uzito wote utakuwa puani, na breki zitabaki zile zile za gari la farasi 84. Hapo milioni 6 imeshaisha na gari liko juu ya mawe.

Unachokosa ni hewa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu asilimia 13. Kabureta haijui hilo. Ilipangwa Uingereza, inamwaga petroli ile ile wakati hewa imepungua, ndiyo maana ya moshi mweusi na kikohozi. Toa plagi zote nne uziweke kwenye meza kwa mpangilio wake. Zikiwa na masizi makavu, shusha jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) kwa namba moja, tembea, toa tena plagi uangalie. Usishushe mbili kwa mpigo, maana ukiteremka huku kwetu, mita 800 na kitu, hewa inaongezeka, mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inapata moto. Jeti linalofaa ni la katikati, linaloishi Arusha na kufika Moshi.

Ukiwa hapo, muulize mzee aliyekuuzia kama silinda hedi iliwahi kuwekewa siti ngumu za valvu. Injini hizi zilizaliwa enzi za petroli yenye madini ya risasi. Huku kwetu iliondolewa kufikia 2006, na bila risasi valvu za ekzosti zinachimba siti kidogo kidogo. Dalili ni kwamba unaseti valvu, baada ya wiki kadhaa nafasi imekwisha.

Injini iache. Anza na kinachokusimamisha.

Hesabu_za_Moshono

Mangi heshima yako, ila umemsahau dereva. Ongeza kilo 80 pande zote mbili: chake kinakuwa 125 kwa tani, Altezza 148. Gari jepesi linaadhibiwa zaidi na kitambi. Chalii, ushauri wa bei nafuu kuliko wote uko hapo.

Mangi_Spana

Nimekubali. Na mimi nina kilo 104.

Chalii_wa_Njiro

Hahaha. Mimi nina 71. Mangi asante sana, plagi ni nyeusi kama sufuria ya makande, zote nne. Sasa breki nianzie wapi? Pedali inashuka hadi nusu, halafu inakaza.

Dada_Torki

Naingilia hapo. Nimekuwa kwenye timu ya huduma ya rali miaka kadhaa, kazi yangu ilikuwa breki.

Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani. DOT 4, daraja la mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka nyuzi 230. Ikishanyonya maji ya kutosha, 155. Kwenye mteremko au mizunguko mitatu ya kasi yanachemka ndani ya kalipa, yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inakwenda sakafuni na ukuta uko mbele yako. Kwa hiyo mwaga yote, safisha mabomba, weka mapya kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa. Lile kopo lililokaa nusu kwenye rafu la fundi, likatae hata akikuapia.

Mipira ya breki ya miaka ya 80 usiibishie, badilisha yote. Inavimba ndani, kwa nje inang'aa. Halafu fungua dramu za nyuma, fundi wengi wanaziruka. Pedali inayoshuka nusu kisha ikakaza mara nyingi ni dramu hazijasetiwa, viatu viko mbali na dramu. Seti hizo kwanza kabla hujanunua mastasilinda.

Diski kubwa huzihitaji kwa kilo 590. Pedi nzuri na mafuta mapya vinatosha. Ila pedi za mbio kabisa usizifunge kwa gari la barabarani: zikiwa baridi hazishiki, na hapa mjini bodaboda hasubiri pedi zako zipate moto.

Tairi je? Soma ubavuni, namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2309 ni wiki ya 23 ya 2009.

Chalii_wa_Njiro

Dada nimetoka nje na tochi. Namba ni TATU tu. 178.

Dada_Torki

Namba tatu ni kabla ya mwaka 2000. Tairi zako zina umri wa mtu mwenye watoto. Usiendeshe tena hata kwenda sheli.

DogoSakina

Mimi nina seti ya rimu za Vitz, bei ya mshikaji.

Hesabu_za_Moshono

Dogo acha. Vitz ni matundu manne kwa milimita 100, Ford ya zamani ni manne kwa 108. Haziingii, na zikilazimishwa ndiyo hatari zaidi. Chalii, tafuta wenye Peugeot 405, hizo ni 108. Tundu la kati la Peugeot ni 65.1 na la Ford 63.4, kwa hiyo utachongesha pete ya kujaza hiyo nafasi. Pima na ofseti, yaani rimu inaingia ndani au inatoka nje kiasi gani, kabla ya kulipa, tairi isije ikala mkono wa stelingi ukikata kona.

Wakala_wa_Themi

Samahani wakuu, si fundi, nafanya kazi ya bima. Mambo mawili.

Ukibadilisha injini, namba ya injini kwenye kadi inabidi ibadilishwe TRA, na gari likaguliwe. Siku ya ajali kitu cha kwanza tunachosoma ni kadi. Isipolingana, tunaanza vibaya.

La pili: bima ya barabarani, iwe kubwa au ndogo, kwa kawaida haigusi mashindano. Ukigonga ukuta siku ya mbio ni wewe na ukuta.

Mzee_wa_Ngaramtoni

Wanangu, mnisamehe nitoke nje ya mada kidogo. Mnajua kwa nini magari haya yalikuja kwenye kreti? Uingereza gari zima lilikuwa na kodi ya manunuzi, vipande havikuwa nayo. Colin Chapman wa Lotus alitoa Seven mwaka 1957, watu wakanunua vipande wakaunga kwenye gereji zao kukwepa kodi. Mwaka 1973 VAT ikaingia, ujanja ukafa, na mwaka huo huo Caterham wakachukua Seven wakaendelea nayo. Kwa hiyo Chalii anamiliki kitu kilichozaliwa kwa kumkimbia mtoza kodi. Endeleeni.

Wakala_wa_Themi

Mzee shikamoo. Hiyo usiiandike kwenye fomu.

Chalii_wa_Njiro

Wakuu nimerudi baada ya siku tisa. Picha tatu hapo chini, Spoku utulie.

Nimemwambia dalali asubiri. Nimelipandisha gari kwenye stendi nne, nikatoa viti na zulia. Lile tuta la Tengeru limebonyeza sampu, bakuli la oili chini ya injini, hiyo ni picha ya kwanza. Picha ya pili ni pale mkono wa ekseli ya nyuma unaposhika kwenye chesisi. Rangi ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nikadhani ni mkwaruzo. Jirani yangu, mzee aliyestaafu karakana ya reli, akanipa dawa ya kizamani: nimekwangua rangi hadi chuma, nimepaka mafuta ya taa, nimesubiri dakika kumi, nimefuta kukavu, nimepaka chaki. Tukakaa tunaangalia. Baada ya muda kidogo mstari wa unyevu ukachora wenyewe juu ya ile chaki, urefu wa kidole changu cha shahada, na ukakunja kona kuelekea chini ambako jicho halikuwa limeona kitu. Mafuta yalikuwa yamejificha ndani ya ufa.

Kuna mtu aliwahi kuchomelea hapo zamani, limekaa donge kama ugali uliomwagika.

Mangi_Spana

Ungeweka Altezza hapo, ekseli ingekuaga njiani.

Sikiliza. Bomba hilo kuta zake ni nyembamba sana, kwa kawaida kama milimita moja na nusu. Donge hilo ni la stiki nene ya kuchomelea, lilipika chuma pembeni ndipo pakapasuka. Kata kipande chote kibovu, weka kipya cha ukubwa ule ule, na pale mkono unaposhika ongeza pembetatu ya bati ili mzigo usiishie kwenye nukta moja. Achomelee mtu mwenye mashine ya MIG na mkono mwepesi. Kabla hajawasha cheche toa betri, na toa tangi la petroli kabisa, liweke nyumba nyingine. Kwenye haya magari tangi liko nyuma ya ekseli, hatua moja kutoka kwenye huo ufa.

Sampu iliyobonyea nakupa hongera, maana ungelazimika kuifungua tu. Injini hii ukiizungusha kona ndefu kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa, beringi za konrodi zinalia sekunde chache halafu kimya. Tunachomelea vibati ndani ya sampu kuizunguka pampu, viwili vinakuwa na bawaba kama mlango wa banda: oili inaingia, haitoki. Na chini yake tutaweka bamba la kinga, matuta yaanze na hilo.

Dada_Torki

Na chuma cha kukulinda ukibingirika, Chalii. Nimeona kwenye picha ya tatu kuna kile cha urembo. Hicho ni bomba la maji, hata uzi wa kufungia koki unaonekana mwishoni! FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, wanataka bomba lisilo na mshono, milimita 45 kwa unene wa 2.5 au 50 kwa 2. Kichwa chako ukiwa na helmeti kiwe chini yake.

Bwana_Spoku

Nimeona picha. Naomba radhi kwa tangazo la kifo. Ni zuri jamani. Sasa utalikimbiza wapi? Mbio zetu huku ni rali, na rali ni vumbi na mawe. Hilo ni la lami.

Dada_Torki

Kenya waliwahi kufunga barabara ya lami Kiambu mnapanda mmoja mmoja mkipimwa muda. Kitu cha namna hiyo ndiyo saizi yake. Kuvuka Namanga andaa kadi na bima ya COMESA, ile ya njano. Na libebe kwenye trela. Gari la mbio linalolazimika kukurudisha nyumbani linakufanya uwe muoga, au linakuacha Longido.

Chalii_wa_Njiro

Basi nimepanga hivi: chesisi, breki zote, tairi na rimu, sampu, chuma cha juu. Jeti nimeshashusha moja, kikohozi kimepungua. Dalali nimemwambia hapana, amenijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Rangi itabaki hii hii ya kuku.

Mangi, sampu nimeifungua jana. Nakuletea Jumamosi kwa basi la kwanza.

Mangi_Spana

Karibu. Lete na boliti zake zote, hata iliyopinda. Hizo ni nyuzi za inchi, ukipoteza moja utaizunguka Moshi na Arusha yote wanakupa za milimita zinazoingia nusu halafu zinakata uzi kwenye bloku.

Chalii_wa_Njiro

Nimezihesabu mara mbili. Ziko kwenye soksi, soksi iko ndani ya sampu, sampu iko chini ya kitanda.