Jambia la afisa wa Kijerumani: la nchi kavu, la anga au la wanamaji?

Mpenda Ala
Salaam kwenu. Naishi Ujerumani na ninakusudia kununua jambia la kwanza kati ya yale yaliyovaliwa na maafisa pamoja na sare za heshima. Nimebakiza matatu: la jeshi la nchi kavu lililoanzishwa mwaka 1935, la jeshi la anga la mwaka 1937, na la wanamaji la mwaka 1938, ambalo kwa kawaida ndilo ghali zaidi. Wenye uzoefu mngechagua lipi, na kwa sababu gani?

Kindi wa Solingen
Ndugu, anza na la nchi kavu. Yalitengenezwa mengi, hivyo utapata nafasi ya kushika kadhaa na kuyalinganisha kabla ya kutoa fedha. Bapa lake kwa kawaida halina nakshi, na mpini wake una rangi inayotofautiana kutoka nyeupe hadi ya chungwa kulingana na mtengenezaji na umri. Tazama chapa ya kiwanda kwenye bapa, kwa mfano kindi wa Carl Eickhorn, lakini usiitegemee peke yake, kwa kuwa chapa ndiyo inayoigwa kabla ya kitu kingine chochote. Kichwa cha mpini hufunguka kwa kuzungushwa. Mwombe muuzaji akifungue, kisha uangalie kama kutu na uchafu wa mkia wa bapa, yaani sehemu yake inayoingia ndani ya mpini, vinalingana na uchakavu wa nje. Muuzaji anayekataa bila sababu ya maana, mwache. La anga silipendekezi kwako, maana lina swastika, alama ya Wanazi, pande zote mbili za kichwa cha mpini.

Bi Nanga
Nakubaliana na Kindi kuhusu mkia wa bapa, ila sikubaliani naye kuhusu chaguo. Hata la nchi kavu lina tai mwenye swastika kwenye kikingio cha mkono, na wewe unaishi Ujerumani, ambako kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuionyesha alama hiyo hadharani, isipokuwa kwa shughuli kama za utafiti, elimu na sanaa. Kumiliki jambia nyumbani kwako si kosa, lakini ukipiga picha na kuisambaza ovyo unaweza kujiingiza matatani. Ndiyo maana wauzaji wa huko huifunika alama hiyo katika matangazo yao. Mimi ningenunua la wanamaji, tena si la 1938 bali lile la mtindo wa 1929, lenye mpini mweupe na kichwa chenye umbo la mwali wa moto. Halina tai wala swastika, na kazi yake ni nzuri mno: shaba iliyochovywa dhahabu, bapa lililochorwa nanga na merikebu kwa tindikali, na kitufe kidogo kinacholizuia lisichomoke kwenye ala.

Mzee wa Rufiji
Nami naongeza chaguo la nne, yaani jambia la wanamaji wa Kaisari wa Ujerumani, lenye taji juu ya mpini. Sisi wa pwani tunalijua jeshi hilo kwa meli ya Königsberg, iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Tahadhari yangu ni moja: mipini mingi ya wakati huo ni ya pembe za ndovu. Umoja wa Ulaya umeibana sana biashara hiyo, na kulivusha mpakani bila vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ni kujitafutia kunyang'anywa. Nisingemshauri mgeni wa fani aanzie hapo.

Mpenda Ala
Nashukuru sana, Mzee wangu, Bi Nanga na ndugu Kindi. Naelekea kwenye la mwali wa moto. Je, nalo lina hila zake?

Bi Nanga
Linazo. Kichwa cha mpini chenye umbo la tai kilipoanzishwa mwaka 1938, maafisa wengi walibadilisha kichwa tu na kubaki na jambia lilelile la zamani. Kwa hiyo la 1938 linaweza kuwa na mwili wa zamani kihalali kabisa, lakini kinyume chake kinatia shaka, kwani mtu wa leo anaweza kufunga kichwa cha mwali juu ya mwili wa baadaye ili kupandisha bei. Linganisha rangi ya dhahabu ya kichwa na ya kikingio cha mkono: sehemu zilizozeeka pamoja huwa zimepauka kwa namna moja, hasa mahali palipokuwa pakiguswa na kiganja. Nitumie picha za sehemu hizo mbili kabla hujalipa.