Mrejesho: sismomita yangu ya Fort Portal imetulia, ila mchana bado

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini pendulamu ya sismomita (kifaa cha kupima mitetemeko ya ardhi) niliyochomelea hapa Fort Portal, Uganda, inabembea dakika nzima lori likishapita, na kwa nini mstari inaouchora umejaa kelele za umeme.

Aliyeniambia niweke kwenye mkono wa pendulamu bamba la alumini linalopita katikati ya sumaku mbili, Mungu akubariki. Bamba likisogea, mikondo ya umeme inazaliwa ndani yake na kulipunguza kasi. Sasa nikiupulizia mkono huo, unasogea, unarudi, unapitiliza kidogo sana, basi. Kelele za umeme za hezi 50 nazo zimekwisha baada ya kusokota pamoja nyaya mbili za koili inayonasa mwendo wa pendulamu na kutumia betri ya gari badala ya chaja.

Kufikisha sekunde 20 kwa mbembeo mmoja kumenishinda. Nikipunguza zaidi mwinamo wa mhimili unaobeba mkono ili mbembeo uchukue muda zaidi, mkono unalala upande mmoja. Nimebaki na sekunde 12. Na jua likipiga bati mstari bado unahama, ingawa boksi la sponji limesaidia. Nachimba shimo niihamishie humo.

Anayeanza leo, tuliza pendulamu kwanza kabla ya kugusa amplifaya (kikuza ishara ya koili). Mimi nilianza na amplifaya, wiki mbili zikapotea. Asanteni sana.