Fremu ya duka mji mdogo wa milimani: Bristol, Abingdon au Jonesborough?

Kihamba_Ohio
Wakuu, habari za leo. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa 11 sasa. Mwaka jana mimi na mke wangu tulikuwa tunatoka msibani Knoxville, tukaamua kurudi kwa njia ndefu ya I-81. Jua linazama, tukachepuka kutafuta chakula, tukajikuta katikati ya mji wa Abingdon, Virginia. Majengo ya matofali mekundu ya orofa mbili tatu yamebanana bega kwa bega, njia ya miguu nayo imetandikwa matofali, taa za manjano ndiyo kwanza zinawaka. Mzee mmoja kwenye benchi akatusalimia utadhani anatujua. Mke wangu akasema, "Hapa ningekaa." Tangu siku hiyo ndiyo mazungumzo yetu kila usiku.

Tumerudi mara mbili, tumeona fremu tatu: moja Abingdon, moja State Street ya Bristol, moja Jonesborough, Tennessee. Mwenye fremu ya Bristol anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mnaoijua hiyo milima, mngechagua wapi?

MamaTunu
Kaka Kihamba, poleni na msiba. Ila hujatuambia kitu. Unauza nini? Unapanga au unanunua? Kodi dola ngapi kwa mwezi, na mkataba wa miaka mingapi? Mna watoto? Mnaacha kazi wote wawili, au mmoja anabaki na bima ya afya? Bila hayo tutakuchagulia mji kwa uzuri wa picha.

Karanja_Roanoke
Mimi naongeza swali moja ambalo ni kubwa kuliko yote: hiyo fremu ya Bristol iko upande gani wa barabara? State Street imekaa juu ya mpaka wenyewe. Kuna alama za shaba katikati ya lami. Kaskazini ni Virginia, kusini ni Tennessee. Tennessee haikati kodi kwenye mshahara, lakini ukinunua kitu dukani unalipa karibu asilimia 10, na hata unga wa ugali unatozwa, japo kwa kiwango cha chini kidogo. Virginia inakata mshahara, ila kwenye unga na mboga unalipa asilimia 1 tu. Nina rafiki anayelala Tennessee na kununua chakula Virginia. Na usidhani Tennessee ni bure kwa mfanyabiashara: ukisajili kampuni kuna kodi ya faida ya asilimia 6.5. Kwa hiyo kuvuka barabara tu hesabu yako yote inabadilika.

Fundi_Dirisha
Wakuu, nakarabati madirisha na kuta za majengo haya haya, bonde la Shenandoah, mwaka wa tisa. Niseme kidogo kuhusu hicho kilichomnasa shemeji.

Watu huuliza kwa nini barabara za katikati za miji hii zinafanana, wakati mji na mji umetengwa na mlima. Ni reli. Miaka ya mwisho ya 1800 treni ziliingia mabondeni kufuata makaa ya mawe na mbao. Maduka ya mwanzo yalikuwa ya mbao, moto ukapita, yakajengwa upya kwa matofali. Kiwanja kinachotazama barabara kilikuwa ghali, ndiyo maana jengo ni jembamba mbele na refu kwenda nyuma. Chini vioo vikubwa na mlango ulioingia ndani kidogo ili mvua isimkute mteja. Juu ofisi ya wakili, daktari wa meno, ukumbi wa Wamasoni. Nguzo za chuma na yale mapambo ya bati yanayokaa kama taji juu ya ukuta viliagizwa kwenye katalogi, vikaja kwa treni hiyo hiyo. Miji miwili isiyojuana ikavaa sura moja. Miaka ya 1950 na 1960 wenye majengo wakaona aibu na uzee wake, wakayafunika kwa mabati ya alumini. Halafu maduka makubwa ya pembezoni yakawanyang'anya wateja. Mwaka 1977 shirika la taifa la kuhifadhi majengo ya kale lilianza mradi wa majaribio wa kufufua barabara hizi, na miji mingi ikaanza kubandua yale mabati. Nimeshabandua moja kwa mikono yangu. Chini yake kulikuwa na vioo vidogo vya rangi vilivyokaa gizani miaka mingi, hata kimoja hakijapasuka.

Abingdon ni tofauti, ni mji wa barabara ya magari ya farasi kabla ya reli, nyumba zake nyingi ni kongwe zaidi. Jonesborough ni wa 1779, ndio mkongwe kuliko yote Tennessee.

Sasa fanya hivi. Nenda kwenye ukuta wa pembeni, tafuta mahali walipojaza viungo vya matofali upya. Ukikuta saruji ya kijivu, ngumu, shtuka. Matofali ya zamani ni laini, yalijengwa kwa chokaa. Saruji haipumui, maji yanatafuta njia kwenye tofali lenyewe, baridi ikija yanaganda na uso wa tofali unabanduka. Pitisha kidole. Kikitoka na unga mwekundu, huo ukuta unaumwa.

Mimi ningekwenda Staunton, Virginia. Hujaitaja na sijui kwa nini. Barabara yake ya katikati, Beverley Street, haina mpinzani.

Kihamba_Ohio
Asanteni sana. Nilisahau kweli. Ni kahawa ya nyumbani, Rombo, shemeji yangu ana shamba. Tutakaanga wenyewe, na asubuhi vitumbua na chapati. Tunapanga, hatununui. Watoto wawili, miaka 7 na 12. Mke wangu ni nesi, ataendelea na kazi. Kuhusu saruji sikuangalia, nitaangalia. Staunton hatukufika.

MamaTunu
Kodi bado hujataja. Na mkataba.

Zawadi_Goma
Kaka Kihamba, mimi nilishaifanya hiyo kazi unayotaka kuifanya. Mji mmoja wa West Virginia, nisiutaje, maana watu wake walinitendea mema. Nilipanga fremu ya kushona na kuuza vitenge. Dari ya bati lenye maua ya kugongwa, sakafu ya mbao iliyolika katikati kwa nyayo za miaka mia. Siku ya kwanza niliwasha taa nikalia kwa furaha.

Desemba niliona doa la kahawia kwenye dari, kama kisahani. Nikamwambia mwenye jengo, akasema ni la zamani. Januari likawa kama sahani ya wali. Machi theluji ilipoyeyuka maji yalikuwa yanashuka ndani ya ukuta, nyuma ya plasta. Ukiweka sikio unayasikia. Jumatatu moja nafungua mlango, harufu imenipiga kabla sijaona kitu. Majora 14 ya vitenge yamelowa, rangi zimechujiana, nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Vile vya harusi ya watu, ambavyo walishanilipa.

Nikampigia simu mwenye jengo. Akaniambia nisome mkataba. Kumbe nilisaini ule ambao mpangaji anabeba kodi ya serikali juu ya jengo, bima na matengenezo, paa likiwemo. Mimi nilisoma kiasi cha kodi ya mwezi tu, kwa kuwa kilikuwa kidogo nikadhani ni neema. Paa walinitajia dola 23,000. Sikuwa nazo.

Mzee wa duka la misumari jirani alileta feni mbili na turubai, akakaa na mimi hadi usiku tunaanika vitambaa. Hakunidai hata senti. Kwa hiyo watu sio tatizo. Na Jumamosi wateja walijaa, hasa Oktoba majani yakigeuka rangi. Lakini Jumanne ya Februari niliwahi kuhesabu watu watatu, na mmoja aliingia kujikinga na upepo. Usikubali fremu uliyoiona jioni ya majira mazuri. Nenda Jumanne, tena asubuhi.

Karanja_Roanoke
Pole sana dada Zawadi. Hilo neno la paa kila mtu alisome mara mbili.

Fundi, kwa heshima, Staunton sio Appalachia, yaani eneo la milima hii. Ramani ya tume ya serikali ya kuendeleza Appalachia, iliyoundwa 1965, ina kaunti 423 katika majimbo 13, na kaunti ya Augusta inayouzunguka Staunton haimo. Yeye ameuliza milimani.

Fundi_Dirisha
Ramani ya misaada ya serikali haiwezi kuniambia mlima ni nini. Nikisimama Staunton, mashariki naona Blue Ridge, magharibi naona Allegheny. Hao wa Augusta hawakutaka kuingizwa tu. Na tafadhali, wenyeji wanasema "Stanton". Ukitamka kama ilivyoandikwa wanajua umefika jana.

Karanja_Roanoke
Kama ni matamshi, basi na Appalachia wenyeji wa kusini wanasema "Apalacha". Ukisema "Apaleisha" wanakunja uso. Kwa kweli Kiswahili kingeandika Apalacha na kumaliza.

MwanaBerea
Habari zenu. Kwa nini hakuna anayetaja Berea, Kentucky? Nilisoma pale. Chuo kilianzishwa 1855 kikapokea weusi na weupe pamoja, hadi sheria ya jimbo ilipokuja kuwatenganisha 1904. Hakitozi ada ya masomo tangu 1892, na wanafunzi kutoka Afrika hawakosi. Carter G. Woodson, aliyeanzisha wiki ya historia ya watu weusi 1926, alihitimu hapo 1903. Wafinyanzi, wafumaji, maseremala, wote wapo, na watu wanakuja wakiwa na nia ya kununua kitu cha mkono. Mkeo akiwa na hofu ya watoto kuwa weusi pekee darasani, Berea ni tofauti na miji mingi ya milimani. Hilo nalo mlijadili nyumbani?

Kihamba_Ohio
Tumelijadili, dada. Ndilo linalomsumbua mke wangu zaidi. Jonesborough tulionyeshwa kwamba hapo ndipo Elihu Embree alichapisha mwaka 1820 gazeti la kupinga utumwa, nikafarijika. Lakini mwanangu wa miaka 12 aliuliza, "Baba, na sasa hivi?"

Zawadi_Goma
Mtoto wangu alikuwa mweusi peke yake darasani. Mwaka wa kwanza aliumia, sitakudanganya. Mwaka wa pili aliingia bendi ya shule, akapata wenzake. Ongea na mwalimu mkuu kabla hujaongea na mwenye jengo.

Karanja_Roanoke
Kwa Abingdon kumbuka wateja ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wa ukumbi wa maigizo wa Barter, ambao ulifunguliwa 1933 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, watu wakilipia tiketi senti 40 au mboga na mayai. Hao ni wa jioni, kahawa wanakunywa kabla ya mchezo. Wa pili ni wa baiskeli kwenye njia ya Creeper Trail, maili 34 kutoka Abingdon hadi Whitetop. Kimbunga Helene, Septemba 2024, kiliisomba sehemu ya juu kuanzia mji mdogo wa Damascus. Upande wa Abingdon ulisalimika, lakini uliza majirani biashara imekuwaje tangu hapo.

Jonesborough wana tamasha la wasimulizi wa hadithi kila Oktoba tangu 1973. Wikendi hiyo utauza mpaka uchoke. Wikendi nyingine 51 je?

Kihamba_Ohio
Nimepiga simu leo. Fremu ya Bristol iko upande wa Tennessee. Kodi ni dola 1,150, mkataba miaka mitano. Nimeuliza paa ni la nani, akasema atanitumia karatasi. Hajatuma. Jumanne ijayo nachukua likizo niende mwenyewe, nianze Bristol asubuhi, niishie Abingdon. Fundi, ungekuwa tayari kukutana nami? Mafuta na chakula juu yangu.

Fundi_Dirisha
Nipo. Ila tukitoka Abingdon unanifuata Staunton, saa tatu tu kwa gari.

MamaTunu
Miaka mitano ni mirefu, omba miwili yenye haki ya kuongeza. Halafu kaka, chuma cha vitumbua ulipata wapi? Mimi changu kimekatika mpini na hapa Louisville nimezunguka maduka yote.

Zawadi_Goma
Nami ukipata niambie.