Nimepigwa mstari kwenye daftari la kanisa, na wokovu nao ushakatika?

mtoto_wa_weti:
Salaam wanajukwaa, poleni na kazi. Mie mzaliwa wa Weti Pemba, nimebatizwa mchanga Anglikana na kipaimara nikapata huko huko, saivi nafanya kazi hoteli ukanda wa Kiwengwa na mnaozijua kazi za hoteli mnajua, Jumapili ndo siku wageni wanatoka na wengine wanaingia kwa hiyo kupata ofu ya Jumapili ni kubembeleza mpaka basi. Kanisani nimekuwa naenda kwa kuvizia tu, Krismasi, Pasaka, na siku nikipata mtu wa kubadilishana naye shifti.

Sasa mke wangu kajifungua, nikaenda kanisa ninalosali (silitaji) kuulizia ubatizo wa mtoto. Katibu kafungua daftari, akawa anashusha rula jina kwa jina mpaka akafika kwangu, nikaona kwa macho yangu jina limepigwa mstari wa wino mwekundu na pembeni imeandikwa "si hai". Nikamwambia mbona mie mzima niko mbele yako, hakucheka. Akasema ahadi (mchango ninaoahidi kulipa kanisani) sijalipa, jumuiya (kikundi cha kusali cha majirani) siendi, kwa hiyo mie si mshirika hai na mtoto habatizwi mpaka nimalize malimbikizo na nianze kuonekana.

Narudi kazini nimenuna, nikamhadithia jamaa wa jikoni, ameokoka huyo, akaniambia ndugu yangu usihangaike na daftari, hata ulipe ahadi za miaka yote wewe bado hujaokoka, ulimwagiwa maji ukiwa hata hujui unafanywa nini. Yaani huku nimefutwa, huku sijaandikwa.

Suali langu ni hili, ushirika wa kanisa na wokovu ni kitu kimoja au vitu viwili? Nikifa leo na ule mstari mwekundu Mungu ananihesabu vipi? Nataka majibu ya wanaojua, sio kejeli, na kanisa gani msiniulize.

bibi_mbweni:
Mwanangu, hongera ya mtoto kwanza, hilo ndo kubwa, hayo mengine yanazungumzika.

Nimefundisha watoto katekisimu mpaka miguu imekataa, nikujibu kama tulivyofunzwa sie. Madaftari yako mawili na watu wanayachanganya. Liko la ubatizo, hilo ukishaandikwa hufutiki, hata uache kusali, hata ufungwe jela, ubatizo ni mara moja na haurudiwi kwa sababu aliyetenda pale ni Mungu, padri alikuwa mkono tu. Halafu liko la washirika hai, hilo la kanisa kujiendesha, nani apige kura mkutano wa mtaa, nani achaguliwe mzee, nani katoa ahadi, paa likivuja liezekwe na nani. Ile rula imepita kwenye hilo la pili. La kwanza liko Weti limetulia.

Na hebu kasome 1 Timotheo 5:9, "Mjane asiandikwe isipokuwa umri wake amepata miaka sitini". Paulo anazungumza orodha ya kanisa hapo, na ni orodha ya nani? Ya wajane wa kusaidiwa! Watu waliandikwa ili wapewe, sisi leo tunaandikana ili tudaiane. Ahadi si mbaya, mapadri wanakula na umeme unalipwa, lakini kumzuilia mtoto ubatizo kwa deni la babake hilo sijalisoma popote.

Na tukumbuke kanisa la Unguja limeanzaje. Pale Mkunazini soko la watumwa lilifungwa 1873 na mwaka huo huo likaanza kujengwa kanisa chini ya Askofu Steere, na huku kwetu Mbweni misheni ikaweka makaazi ya waliokombolewa, wamo watoto walionyang'anywa kwenye majahazi ya watumwa. Hao walibatizwa hawana ukoo, hawana senti, hawana barua ya utambulisho. Tungewauliza malimbikizo leo pasingekuwa na kanisa.

Lakini na wewe nikuseme kidogo. Kuvizia si kusali. Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika pamoja, na Paulo anasema sisi ni mwili, viungo (1 Wakorintho 12). Mkono uliokaa Kiwengwa mwili uko mjini, mh. Zungumza na padri mwenyewe, usiishie kwa katibu.

nimeokoka_bado_nasafiri:
Bwana asifiwe. Mimi ni mtu wa bara, niko Nungwi. Huyo jamaa wa jikoni kasema ukweli ila kausema vibaya. Waefeso 2:8-9 iko wazi, tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo mtu asije akajisifu. Warumi 10:9, ukimkiri Yesu kwa kinywa chako na kuamini moyoni kwamba Mungu alimfufua, utaokoka, hapo hamna rula hamna katibu hamna kadi. Yule mhalifu msalabani alikuwa mshirika wa wapi? Alilipa ahadi lini? Na bado akaambiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.

Ila kaka ujiulize, lini wewe MWENYEWE ulimwambia Yesu ndiyo? Sio wazazi, wewe. Marko 16:16 inaanza na aaminiye ndipo inakuja na kubatizwa, mtoto mchanga anaamini nini jamani? Ndo maana sisi tunabatiza mtu mzima kwa maji mengi. Ushirika unakuja baada ya kuokoka, hauwezi ukaitangulia imani. Nimeona wazee wa kanisa wana kadi safi kabisa na nyumbani wanapiga wake zao, huyo utamwambia ameokoka kwa sababu jina halina mstari?

bibi_mbweni:
Mwanangu wa Nungwi, mhalifu alikuwa msalabani hana pa kwenda, huyu yuko Kiwengwa anapumua na daladala zipo 😄

Hayo ya wake kupigwa nakuunga mkono. Ya watoto hatutaafikiana, sie twasema neema inamtangulia mtu hata hajajua kusema ndiyo, na ile ndiyo yake anakuja kuisema kwenye kipaimara. Na mjue ugomvi huu si mgeni hapa kwetu. Mwaka 1913 wamisheni wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu huko Kenya wakapanga kushirikiana, na mwisho wakashiriki meza ya Bwana pamoja kwenye kanisa la Waskoti, wao hawana maaskofu. Askofu wetu wa Zanzibar, Frank Weston, akawaka, akawashtaki askofu wa Mombasa na wa Uganda kwa askofu mkuu wa Canterbury kwamba wamekwenda kinyume na imani. Kwake yeye kanisa bila maaskofu lina kasoro kwenye msingi. Na huyo huyo ndiye aliyewaambia Waingereza 1923 kwamba huwezi kudai unamwabudu Yesu altareni kama humhurumii Yesu kwenye mitaa ya maskini. Mkali wa mipaka, na bado hakusema mipaka inatosha.

shangani_minara_miwili:
Naongezea upande wa Katoliki kwani tunasingiziwa sana kwenye mada hii. Ile kauli "nje ya kanisa hakuna wokovu" asili yake ni Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago karne ya 3, na wakati ule alikuwa anapambana na waliojitenga wakaanzisha makundi yao, hakuwa anahukumu mtu wa kijijini ambaye hajawahi kusikia Injili. Baadaye watu waliikaza kupita kiasi, mpaka padri mmoja wa Marekani, Leonard Feeney, alipofundisha kwamba asiye Mkatoliki haokoki kabisa, Roma ikamtenga 1953. Yaani alitengwa na kanisa akiwa anatetea kwamba nje ya kanisa hamna kitu, fikiria 🤦

Mtaguso wa Pili wa Vatikano 1964 ukaweka sawa. Asiyemjua Kristo bila kosa lake na anamtafuta Mungu kwa moyo safi, anaweza kupata wokovu. Na wa ndani nao wakapewa onyo, aliyemo kanisani asipodumu katika upendo haokoki, yumo kwa mwili tu, kwa moyo hayumo. Kwa hiyo sisi hatusemi kadi inaokoa. Tunasema Kristo anaokoa na kanisa ndimo anamofanyia kazi hiyo kwa sakramenti, ukijua hivyo halafu ukalikataa makusudi hapo ndo shida. Kaka mtoa mada hajakataa, kabanwa na shifti.

Na jamaa akitaka kubatizwa tena, kwetu mtu aliyebatizwa Anglikana kwa maji na kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu akija hatumbatizi upya, ubatizo ule ni halali.

jirani_jangombe:
Samahani mie Muislamu napita tu, mada imenivutia. Sie mtu akitoa shahada kashaingia, msikitini hakuna daftari wala wa kukufuta, ya moyoni anayajua Mola. Sasa hebu nielewesheni, kwenu huyu bwana akifa kesho anazikwa na nani?

bibi_mbweni:
Suali zuri jirani, na hapo ndo pana woga wenyewe. Wako wanaolipa ahadi kwa kuogopa mazishi kuliko kumwogopa Mungu. Kitabu cha zamani cha sala cha Anglikana, cha 1662, kimetaja watu watatu tu wasiosomewa ibada ile ya mazishi: asiyebatizwa, aliyetengwa na kanisa, na aliyejiua, na huyu wa mwisho siku hizi makanisa mengi yanamhurumia. Mwenye deni la ahadi hayumo. Huyu atazikwa, na nyinyi majirani mtakuja kama kawaida.

chake_kimya:
Mnabishana maji ya mtoto na maji ya mtu mzima, kwetu Pemba liko kanisa la Marafiki (Quaker) tangu 1897, mwaka ule utumwa ulipofutwa kisheria, na Marafiki hawabatizi kwa maji kabisa, wala mkate na divai hawana. Wanasema ubatizo ni wa Roho ndani ya mtu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa huko. Kwa hesabu za baadhi yenu hapo juu yule bibi hakuokoka, na mie sijaona mtu aliyesamehe watu kama yule. Alikuwa na jirani aliyemchongea shamba lake la mikarafuu, na jirani yule alipougua ni yeye aliyekuwa anampelekea uji kila asubuhi.

Na hao Marafiki orodha rasmi ya wanachama kule Uingereza ilianza 1737, sababu ilikuwa kujua maskini yupi anasaidiwa na mkutano upi, yaani usharika upi. Nimemsoma bibi wa Mbweni hapo juu na wajane wake nikaona ni yale yale.

nimeokoka_bado_nasafiri:
Yohana 3:5 inasema kwa maji na kwa Roho. Lakini kwa bibi yako sina neno, ndugu.

mtoto_wa_weti:
Ahsanteni sana wote, na jirani wa Jang'ombe usiogope sijafa bado. Nimempigia padri, kanisikiliza mpaka mwisho, kasema mtoto aletwe, malimbikizo yatazungumzwa mbali na hayahusiani na ubatizo, ila kanibana nihudhurie mafundisho ya wazazi na nitafute jumuiya ya karibu na kazini, nimekubali. Cheti changu binamu yangu anakwenda kukitafutia Weti.

Sasa limekuja jengine. Jamaa wa jikoni kasikia, na kwa mapenzi yake kataka awe msimamizi wa mtoto. Huyu huyu anayesema ubatizo wa watoto si ubatizo. Nimwambieje nisimuudhi?

bibi_mbweni:
Msimamizi anajibu maswali mbele ya padri kwa niaba ya mtoto, sasa atajibu nini na yeye haamini? Mwambie usimamizi umeshampa binamu yako anayekwenda Weti. Yeye si mtu wa jikoni? Mpe pilau la siku hiyo alisimamie.